Chungu cha Wapagazi

Jumatatu, 11 Mei
Habari kubwa! Dk. Batuli, mtaalamu wa mambo ya kale, anachimba Kwihara, kituo cha kale cha misafara ya pembe za ndovu. Ijumaa atachagua mwanafunzi mmoja wa Klabu ya Historia akachimbe naye likizo ya Juni. Mmoja tu! Kila mmoja ataleta kitu cha kale na kukieleza. Nimesoma kila kitabu cha misafara kilichomo maktaba. Agnetha, mwenzangu wa klabu, hajasoma hata kimoja, ila anajua kuongea. Mimi nikisimama mbele za watu nasahau hata shikamoo. Lazima kitu kiongee badala yangu.

Jumanne, 12 Mei
Nimenunua chungu kipya sokoni. Nimekijaza mavi makavu ya ng'ombe, nikawasha. Ndani kimekuwa cheusi tii! Miaka mia na hamsini kwa mchana mmoja. Mama ameuliza napika nini. Nimesema historia. Akasema nisiiunguze.

Jumatano, 13 Mei
Nimekifukia nyuma ya banda. Kuku wamekifukua mara mbili. Agnetha ameokota kigae kidogo shambani kwa babu yake. Kigae! Nimemhurumia.

Ijumaa, 15 Mei
Aibu! Nimeweka chungu mezani, nikasema kwa sauti ya mbu kwamba ni cha wapagazi wa misafara. Dk. Batuli akakigeuza, akaniuliza: mwanangu, kwenu moto huwashwa ndani ya chungu? Darasa likaangua kicheko. Akaeleza kuwa chungu kilichopikiwa huwa na masizi nje, kwenye kitako, na mikwaruzo ya mwiko ndani. Changu kitako safi, ndani hakuna hata mkwaruzo. Agnetha akasema hata mdogo wake wa darasa la pili angejua, ila huyu Emilian hajawahi kusonga ugali. Kweli sijawahi. Vitabu vyote vile, na hakuna kilichosema moto hukaa upande gani!
Amechaguliwa Agnetha, na kigae chake chenye masizi upande wa nje.

Jumamosi, 16 Mei
Nimekwenda kumwomba radhi Dk. Batuli. Amecheka hadi akavua miwani. Amesema nami niende Kwihara, na chungu changu, wageni wajifunze kutambua cha bandia.
Nimewaza njia nzima. Bila chungu cha uongo nisingepata nafasi. Maana yake mpango umefaulu! Nimepitia buchani, nimeomba pembe ya ng'ombe. Nitaisugua kwa majivu mpaka iwe ya ndovu. Pembe haipikwi, kwa hiyo safari hii hakuna atakayeuliza habari za masizi.