Karafuu Juu ya Povu

Jumatatu, 2 Juni
Nimeonja bia ya harusi ya binti yangu Zenzi. Peke yangu, stoo ya chini. Maskini mimi! Rangi iko, kahawia iliyokolea, kama itakiwavyo bia nyeusi ya ngano. Harufu hakuna. Na bia ya ngano ya kwetu Bavaria isiyonukia ndizi na karafuu ni maji ya kuoshea pipa. Harufu hiyo huletwa na hamira yenyewe, ikipata joto. Mimi niliiweka kwenye baridi, nikajiambia haraka haraka haina baraka. Jumapili Zenzi anaonja bia mbili, yangu na ya shemeji Korbinian, kisha anachagua. Siku aliyobatizwa niliapa mbele ya watu kwamba bia ya harusi yake itatoka mikononi mwangu. Korbinian alikuwepo. Hasahau kitu yule.

Jumanne, 3 Juni
Wazo! Nimenunua ndizi sita na pakiti ya karafuu. Nimeponda ndizi, nimetumbukiza vyote pipani. Kwetu bia ni maji, kimea, maua machungu ya hopsi na hamira, tangu enzi za mababu. Anayetia kingine afadhali angeiba sadaka kanisani. Mke wangu Notburga kauliza ndizi za nini. Nimesema daktari kaniagiza, kwa ajili ya moyo. Sasa ananilisha ndizi asubuhi na jioni. Sizipendi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimechuja kwa soksi ndefu ya Notburga, nimejaza chupa ishirini. Soksi ina tundu. Dogo tu. Lakini harufu! Nimelia kidogo.

Ijumaa, 6 Juni
Chupa zinapasuka! Sukari ya ndizi imeiamsha hamira upya. Notburga kauliza kuna nini huko chini. Nimesema panya. Zimebaki nne. Nimezifunika blanketi na kuziomba radhi.

Jumapili, 8 Juni
Tulikaa bustanini kwa Korbinian baada ya misa. Soseji nyeupe zilikuwa mezani mapema, maana kwetu hizo huliwa kabla ya kengele ya saa sita mchana. Zenzi alionja ya mjomba wake, akasema nzuri. Akaonja yangu. Akafumba macho.

"Baba, hii ndiyo."

Korbinian mwenyewe alinusa, akanusa tena. Ningekufa pale pale, ningekufa na furaha.

Sikufa. Korbinian akachukua chupa yangu, iliyobaki vidole viwili. Akailaza mezani, akaiviringisha, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu, ili mashapo ya hamira yaamke yamiminwe juu. Nilimwambia ayaache, yananisumbua tumbo. Akasema glasi si yangu. Akamimina. Karafuu moja nzima, na kichwa chake, ikakaa juu ya povu.

Zenzi akaitoa kwa kidole, akaiweka kwenye sahani, kando ya haradali.

"Baba, ungeniambia tu kwamba imekushinda," akasema. "Ningeinywa hivyo hivyo."

Korbinian kasema nisijali shemeji, pipa lake litatosha wageni wote. Kasema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. Njiani Notburga aliuliza moyo unaendeleaje. Nikasema unauma. Wiki nzima, hilo ndilo jibu pekee la kweli nililompa.

Jumatatu, 23 Juni
Harusi ilikuwa juzi. Watu wote walikunywa ya Korbinian. Nami nilikunywa, glasi tatu. Ni nzuri, imkwame kooni. Tulipocheza, Zenzi aliniambia sikioni kwamba wakijaliwa mtoto, bia ya ubatizo ni yangu. Ya kawaida, Baba, akasema, hata ikiwa mbaya. Nililia begani mwake mbele ya bendi nzima. Nikamwahidi kwamba sitamdanganya tena maishani.

Mtoto mwenyewe hata mimba bado. Lakini asubuhi nimepita sokoni, nimenunua ndizi na karafuu. Safari hii nitazisaga.