Pafu Langu Limehudhuria Mikutano Yenu Tisa

Ndugu Katibu,
Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Kifua.

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Miaka tisa iliyopita Daktari wenu, yule ambaye nasikia Alhamisi hii mnataka kumchagua mwenyekiti, alinipasua kifua akatoa kipande cha pafu la kulia. Kwa heshima zote naomba mmfute uanachama kabla ya siku hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha ya pafu langu imeonyeshwa kwenye mikutano yenu mikuu tisa, tena katika hoteli zenye mazulia. Daktari mwenyewe aliniambia kwa furaha kwamba watu hulipigia makofi. Pafu linaalikwa kila mwaka, mwenye pafu hajaalikwa hata chai.

2. Alipokuwa daktari tu, nilimwona kila nikienda kliniki. Mkamtia kwenye kamati, nikawa namwona kwa kubahatisha. Mkampa unaibu, na sasa namwona kwenye kalenda yenu ukutani, anatabasamu juu ya mwezi wa sita. Mkimpa uenyekiti si nitamtafuta kwenye stempu?

3. Mmemwambukiza maneno ya vikao. Nilimuuliza kama naweza kunyanyua pasi ya mkaa, akanijibu kuwa suala hilo lina mambo kadhaa ya kuzingatia. Zamani angeniambia ninyanyue, niache uvivu.

4. Hapa nasema kama fundi. Mshono wangu una nyuzi ishirini na mbili, na mmoja umekwenda upande. Sikulalamika wakati ule kwa kuwa nilikuwa usingizini. Lakini mtu wa namna hiyo anahitaji mazoezi ya kila siku, si kupelekwa kusoma hotuba.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Mke wangu amekutwa na uvimbe kwenye pafu la kushoto, na siku yake ya kupasuliwa ni Alhamisi hiyo hiyo. Daktari anasema yeye atakuwa mkutanoni, na atakayempasua ni binti mmoja aliyemfundisha katika mafunzo ya chama chenu. Mke wangu amekubali bila neno. Mimi naogopa, Ndugu Katibu. Juzi nimemkatia mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Kama kumfuta ni kazi ngumu, basi leteni mkutano chumba cha upasuaji. Wajumbe wasimame ukutani kimya, wanawe mikono kabla ya kuinyoosha kupiga kura, na mgombea asigeuke kuwashukuru mpaka amalize kushona. Ajenda ya mengineyo isiwepo kabisa.

Nisalimie wajumbe wote, na yule mama anayegonga mihuri hapo ofisini, na kila aliyewahi kulipigia makofi pafu langu.

Wenu mwenye kupumua,
Fundi, Mwenye Pafu.

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni mwa koti mpaka leo Ijumaa, maana jana sikuwa na akili ya kwenda posta. Yule binti alimpasua mke wangu saa nne asubuhi, akatoka saa nane akaniambia uvimbe wote umetoka. Nasikia kwenu nako wajumbe hawakutimia, uchaguzi umesogezwa wiki ijayo. Leo mke wangu amekaa kitandani, akavuta pumzi ndefu, akanigombeza kwa sababu sijanyoa ndevu. Nimelia mbele ya wauguzi na sioni haya. Aliyemfundisha binti yule mpeni huo uenyekiti, na akitaka awamu ya pili msimbanie.