Kifaransa cha Kanda na Mashangazi Wasiokuwepo

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Lugha,

Natumaini hujambo. Mimi najikongoja. Ni fundi cherehani, na pia mwanafunzi wenu wa Kifaransa wa Jumamosi, kiti cha mbele, karibu na spika.

Nilijiandikisha kwa sababu binti wa kaka yangu amechumbiwa na kijana wa Ubelgiji. Mama wa kijana huyo, ambaye binti yetu humwita Mama Mkwe, hajui ila Kifaransa. Mimi ndiye shangazi, na mimi ndiye fundi. Gauni la Mama Mkwe la kuvaa harusini likaniangukia mimi.

Miezi sita mwalimu wenu alitusikilizisha kanda moja: bwana anauliza njia ya stesheni, bibi anamwelekeza. Hawakohoi, hawakatizani, na hadi leo bwana yule hajafika. Nilipouliza kama hakuna Kifaransa kingine, mwalimu alisema, "Hicho ndicho safi, fundi. Vingine ni lafudhi tu." Nikaandika daftarini. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

1. Nilimpigia Mama Mkwe simu kumuuliza kipimo cha kifua. Kwenye kanda, tisini na mbili husemwa "ishirini nne na kumi na mbili", hesabu ya kumtoa mtu jasho, lakini niliikariri. Yeye akasema, "Nonante-deux," ndiyo tisini na mbili ya kwao, ila sikujua. Mimi najua non ni hapana, tante ni shangazi, deux ni mbili. Nikasikia: "Hapana, shangazi. Mbili." Nikaelewa kwamba gauni moja halitoshi, anataka mawili.

2. Nikauliza kiuno. "Septante-huit," yaani sabini na nane ya kwao. Sept ni saba, huit ni nane. Kumbe mashangazi saba wanakuja, na yeye wa nane! Nikauliza tena kwa uhakika: nane? "Oui, oui, huit!" Watu wanane, magauni mawili mawili. Nilishona kumi na sita, Ndugu Mkuu, kwa vipimo vya kukisia, wanene kwa wembamba, mpaka mgongo ukapinda kama kibanio.

3. Wakwe walipofika kutoka Ubelgiji, nikawaalika nyumbani kwa déjeuner, ambayo kwenye kanda ni chakula cha mchana. Kumbe kwao ni chakula cha asubuhi. Saa moja kamili wakabisha hodi, mimi nina taulo kichwani na mswaki mdomoni. Walikuwa watatu: mama, baba na kijana. Nikachungulia nyuma yao kutafuta mashangazi. Mama Mkwe akanikumbatia na povu langu. Katika magauni yote kumi na sita hakuna lililomkaa. Mengine yalimmeza, mengine yaligoma mabegani. Binti wa kaka yangu alilia. "Shangazi, umeniaibisha ukweni," akasema, kisha siku tatu hakunisalimia. Mimi niliyembeba mgongoni.

4. Nilipomfikishia mwalimu kilio changu, alisema kosa ni la wakwe: wangezungumza vizuri, ningewaelewa. Namuunga mkono kwa moyo wote. Kanda haina kosa. Wenye kosa ni watu.

Kwa hiyo naomba chuo kiwaandikie watu wa Ubelgiji, Uswisi, Kongo na Kanada, wanyamaze kwanza mpaka kanda iwafikie. Wanaohesabu kirahisi watozwe faini, maana wanawavunja moyo wanaohesabu kwa shida. Wazee waliojifunza lugha hiyo kwa mama zao warudishwe darasani wakajifunze kwa spika. Na Mama Mkwe afanye mtihani wa kusikiliza kabla ya harusi. Akifeli, harusi isimame, hata kama kadi zimeshasambazwa. Heri binti akose mume kuliko sisi kupata wakwe wenye lafudhi.

Wasalimie walimu wote, karani wa mapokezi, na mlinzi anayetufungulia geti.

Wako katika kusikiliza,
Fundi wa Magauni

Nyongeza: Mama Mkwe yuko hapa kibandani, wiki ya pili sasa, tunafumua magauni pamoja. Anaongea kutwa na pini mdomoni, na mimi namwelewa, hata anapocheka katikati ya neno. Binti yetu anapita kila siku kutuletea chai. Jana mwalimu wenu alileta suruali ya kupunguza. Mama Mkwe akamtania kidogo. Mwalimu akatabasamu kwa adabu, akatikisa kichwa, kisha akaninong'oneza: "Fundi, amesemaje?"