Fundi wa Baridi ya Mahari

Kama kuna mji usiohitaji mashine ya kuleta baridi, ni Kakamega. Huku mvua hupiga hodi kila alasiri, na mtu akitoka nyumbani bila sweta hurudi na kikohozi. Kwa hiyo Sammy Lumbasi, aliyekuwa akinywa chai ya mkopo katika kibanda karibu na soko, alishtuka kumsikia mzee wa meza ya pili akiifokea simu: "Ninataka fundi wa AC! Fundi mwaminifu! Si hawa wezi wenu!"

Sammy alimeza andazi bila kulitafuna, akajua kwamba Mungu bado anamkumbuka.

Tusimsingizie: hakuwa fundi wa viyoyozi. Hakuwa fundi wa kitu chochote, ila alikuwa na ovaroli safi, na katika mji huu ovaroli ni nusu ya cheti. Juzi tu alikuwa amefukuzwa Shirere, ambako aliwauzia wanafunzi hita za kuogea zenye balbu nyekundu ndani yake. Maji hayakupata moto, lakini kila aliyeoga alikiri kwamba yalipendeza.

"Mulembe, mzee," alisema, akivuta kiti. "Umenitafuta sana. Mimi ndiye yule fundi."

"Yupi?"

"Yule mwaminifu."

Mzee Andati alimkagua kuanzia viatu. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye saa kubwa ya dhahabu aliyorudi nayo kutoka Doha, alikokuwa mlinzi. Alieleza kwa uchungu kwamba fundi wa kwanza aliondoka na rimoti akaitafutie betri, na hajapata betri mpaka leo. Wa pili alifungua mabomba ya shaba akayaoshe mtoni. "Sasa wewe utaniletea mdhamini. Bila mdhamini hata ukuta wangu hutaugusa."

"Mzee, ungekosa kusema hivyo ningekuogopa," Sammy alisema, na papo hapo akampigia simu mke wa askofu, ambaye siku za kazi huitwa Priscah na huuza viatu vya mitumba.

"Fundi Sammy?" Priscah alilia kwa furaha kwenye spika. "Huyo mtoto alitutilia baridi kanisani mpaka shetani akahama! Si unajua yeye alizoea joto?"

Nyuma yake sauti ikauliza, "Mama, hii namba saba ni pesa ngapi?"

"Wanawagawia maskini viatu," Sammy alimnong'oneza mzee, akakata simu kabla maskini hawajaanza kuomba kupunguziwa.

Nyumba ya Andati ilikuwa nje kidogo ya mji, na kiyoyozi kilining'inia sebuleni juu ya picha ya familia. Sammy alipokifungua akakuta kifuniko, utando wa buibui, na tundu la ukutani lililotokea stoo. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda kuoshwa mtoni.

"Shida ni ndogo," alisema. "Lakini mzee, kwa nini baridi? Hapa kwetu?"

Andati alifunga mlango. "Jumamosi wanakuja watu wa mahari. Wanandi. Wazee wetu wamekaa nao mara mbili nikiwa bado Doha, wamekwama kwa ng'ombe nane. Mimi nataka kumi na mbili. Sasa sikiliza. Kule Doha, bosi alikuwa akiniita kwa ofisi yake, AC imewashwa mpaka unaona pumzi yako. Akiniletea karatasi ya kupunguza mshahara, ninaweka sahihi mbio mbio nitoke nikaote jua. Nakuambia, mtu akisikia baridi hananga mdomo wa kubishana. Ukinifikisha kumi na mbili, ng'ombe mmoja ni wako."

Sammy alimtazama kwa heshima ya kweli. Alikuwa ameishi na wajanja tangu utotoni, lakini hakuwahi kukutana na mtu anayetaka kugandisha wakwe.

Alipoingia stoo kupima tundu, alimkuta Beverlyne, binti wa mzee, yule wa mahari, mwalimu wa shule ya msingi, amesimama mikono kiunoni.

"Wewe si fundi," alisema.

"Dada, nani ni fundi kweli hapa duniani?"

"Sikia. Nampenda Weldon. Shangazi yake Jerotich amesema wakirudi bila kuelewana mara hii ya tatu, wanafunga hiyo maneno na wanamtafutia bibi kwao. Nikimkosa Weldon kwa sababu ya hii upuzi yenu, baba yangu nitamsamehe. Ni baba. Wewe nitakutafuta."

Alikuwa na machozi, na Sammy, ambaye huogopa machozi kuliko polisi, alijishughulisha na tundu.

Jumamosi stoo ilikuwa tayari. Mabeseni ya barafu kutoka kwa wauza samaki yalipangwa mbele ya tundu, na nyuma yake feni ya lori bovu ilizungushwa na betri. Upepo uliofika sebuleni ulikuwa mkali kweli, wenye harufu kidogo ya mbuta. Andati alisimama chini yake, akatetemeka, akatabasamu. "Ni Doha kabisa," alisema.

Mtu mwingine angeridhika na biashara moja. Sammy aliona kwamba anayeuza baridi sebuleni ana haki ya kuuza joto getini. Alikusanya mablanketi yote ya nyumba ile, kwa sababu, kama alivyomweleza mzee, mashine inahitaji kufunikwa, akakaa nayo getini akiwangoja wageni.

Waliteremka kwenye pikapu: Weldon mwenye tai, wazee watatu ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa, na Shangazi Jerotich, ambaye kazi yake ilikuwa zote zilizobaki. Nyuma walikuwa wamebeba mtamba mwekundu, mzuri, wa kuonyesha nia.

"Karibuni, mama. Ndani kuna baridi ya kimataifa. Blanketi ni za kukodisha."

Jerotich alivua sweta. "Kijana, sisi tumetoka Nandi Hills. Leo asubuhi nimenawa uso na maji ambayo ilibidi nigonge kwanza. Hiyo baridi ni ya nini?"

Siri nayo ni bidhaa, na Sammy hakupenda bidhaa ilale. "Inategemea mama ataniachia nini."

Jerotich aligeuka akamtazama mtamba, akatazama nyumba, akauliza jambo moja tu: "Leo nani anaongea upande wa msichana? Baba mwenyewe?"

"Baba? Hapana. Mwiko. Baba hukaa kimya kabisa mpaka iishe. Wanaongea wajomba na wazee. Ni wale wale wa Butere."

"Butere kwenye miwa? Kwenye jua?"

"Huko huko."

Sammy akamweleza yote. Jerotich akacheka polepole mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. "Mtamba huyu ni wako," alisema. "Nitakupa kamba mwenyewe, mbele ya watu. Kazi yako ni moja. Ongeza baridi."

"Niongeze?"

"Mpaka mwisho."

Sammy hakuelewa, lakini mtamba aliyekuwa mbele yake alikuwa na miguu minne na yule wa Andati alikuwa bado maneno. Akarudi stoo na mablanketi yake, akaongeza.

Hapo ndipo lilipoonekana kosa la Mzee Andati, kosa la mtu aliyekaa Uarabuni mpaka akasahau mila za kwao. Alikuwa ameandaa baridi ya kuziba midomo, na midomo iliyopaswa kumsemea yeye ilikuwa ya wazee wa Butere, waliovaa suti za bei ya jumla, za kitambaa chepesi. Msemaji wao alikuwa Barasa, ndugu wa mama yake Beverlyne, mtu wa maneno makubwa ambaye asubuhi ile aliahidi kwamba chini ya kumi na mbili hatainuka kitini.

"K-k-kumi na mbili," Barasa alianza.

Jerotich alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. "Samahani, wazee. Hapa ni moto kidogo. Hakuna namna ya kupunguza joto?"

Feni ikavuma. Mzee mmoja wa Butere akaingiza mikono ndani ya soksi.

"Kumi," alisema Barasa, bila kuulizwa.

Stoo, barafu ilikuwa inaisha. Sammy alikuwa ameanza kumuaga mtamba moyoni wakati paa lilipolia, na mvua ya mawe, ile yetu ya alasiri, ikamwagika uani. Alitoka na beleshi akiimba sifa. Hajawahi kuwa karibu na Muumba kama siku ile.

Upepo mpya ulipoingia, Barasa alichungulia stoo akiomba blanketi, akalikodi, na wenzake wakafuata. Andati aliyatambua mara moja: lile la mistari alipewa na kampuni siku anaaga Doha. Akafungua mdomo. Wazee wote wakamtazama. Akaufunga, akakohoa, akaonyesha kwa kidole, akakanyaga sakafu. Weldon, kijana mwenye adabu, akamletea maji ya kunywa.

"Nane basi," alisema Barasa kutoka ndani ya blanketi.

"Nane ndizo tulikuja nazo," alisema Jerotich. "Lakini hatuna haraka. Tuzungumze moja moja, kila ng'ombe na rangi yake."

"Sita! Mama, sita inatosha, Mungu akubaliki, tufunge na maombi!"

"Sita? Tutamwaibisha mtoto wenu."

"Tano! Hii balidi itatuua!"

"Saba," alisema Jerotich kwa huruma, kama anayemtuliza mtoto mgonjwa, na wazee wa Butere wakapiga makofi, kwa sababu ya furaha na pia kwa sababu ya vidole. Beverlyne, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alilia waziwazi bila kujifuta.

Maombi yalikuwa mafupi kuliko yote yaliyowahi kuombwa katika kaunti ile. Watu walikimbilia nje, jua likiwa limerudi, na Jerotich akatimiza ahadi: akamkabidhi Sammy kamba ya mtamba mbele ya watu wote. Sammy alishika njia ya geti bila kuaga.

Lakini maombi yakiisha, baba huruhusiwa kusema. Mzee Andati alikuwa na maneno ya saa tatu kifuani, na yote yakatoka kwa pamoja. "Mwizi! Blanketi zangu! Ng'ombe yangu! Mshikeni, ni mwizi!"

Neno hilo kwetu si la mzaha. Vijana wa jirani walikuwa wameshaokota mawe, na mengine hayakuwa ya barafu. Sammy aliganda, na mara hii bila feni.

"Mwizi nani?" Jerotich aliuliza, akijifunga sweta kiunoni. "Mimi nimempa mwenyewe. Hiyo ni ng'ombe ya mjomba. Ama huyu si mjomba wa msichana?"

Macho yote yakamwendea Barasa, mjomba halisi. Sasa, Barasa alikuwa amekwepa ng'ombe ile mwaka mzima. Kwa mila, mjomba akiipokea, nyama yote ya harusi inakuwa juu yake, na harusi ya Beverlyne ilikuwa ya watu mia nne. Alimtazama Sammy kama mtu anayetazama daraja wakati wa mafuriko.

"Ni ndugu yangu mdogo," alisema. "Alipoteanga. Leo amelejea."

Sammy aliyatazama mawe, akamtazama mtamba. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukosa jibu.

"Beverlyne," alisema, akifungua mikono. "Mtoto wa dada yangu!"

Vijana walidondosha mawe, wanawake wakapiga vigelegele. Hata Andati alitulia, maana alipiga hesabu ya mia nne akaona afadhali shemeji kuliko mwizi. Beverlyne alimkumbatia kwa nguvu na kumwambia sikioni, "Karibu kwa familia, mjomba. Huyo utamnenepesha mpaka harusi, Desemba. Na wengine watatu utatafuta. Mimi nilikuambia nitakutafuta, lakini umejileta."

Sammy alijaribu, msimdharau. Jumatatu alimpeleka mtamba mnadani akiwa amevaa kofia. Dalali wa kwanza alimpa mkono wa pongezi. Wa pili alisema hawezi kununua ng'ombe ya mjomba kabla ya harusi, angelaaniwa, na tena amealikwa. Wa tatu alimuuliza kama nyama itakuwa ya kuchoma au ya mchuzi. Alipozima simu, Barasa alikuja mwenyewe kutoka Butere kumjulia hali ndugu yake, akalala siku nne.

Kwa hiyo sasa, ukipita barabara ya Lurambi alasiri, utamwona mtu mwenye ovaroli lililokuwa safi, panga mkononi, anakata majani kando ya mtaro huku mvua ikimpiga. Juma lililopita alikuwa hapo hapo simu ilipolia.

"Mjomba, amenenepa?" Beverlyne aliuliza.

"Kidogo kidogo."

"Vizuri. Weldon anakusalimu sana. Tumesogeza harusi hadi Aprili, shule zikifungwa."

Sammy aliegemea mtamba. "Aprili ya mwaka huu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mjomba," alisema Beverlyne, "Aprili ya mwaka huu ilishapita."