Ombi la Mke Wangu Kubadilishiwa Somo la Mawe

Donald Mwandawiro,
Karani wa Vifurushi,
Stesheni ya Reli, Voi.
Juni 1978

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Elimu,
Chuo Kikuu, Nairobi.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na mezani pako pana nafasi ya kuiweka. Mimi pia ni mzima. Meza ndiyo iliyonipa taabu.

Mimi ni mume wa Jedidah Mwandawiro, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, anayesomea digrii ili awe mwalimu wa jiografia na jiolojia katika shule za sekondari. Kabla hajaja kwenu alikuwa akifundisha darasa la tatu hapa Voi, mtu mpole, ambaye alitazama chini pale tu alipoogopa nyoka. Nilimruhusu kwa moyo mweupe, nikambebea sanduku mwenyewe hadi kwenye behewa. Sikujua mtanirudishia mtu wa namna gani. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Gunia. Alipokuja likizo ya kwanza, mimi na mwenzangu Oduor ndio tulioshusha mzigo wake kwenye treni. Oduor ana mgongo wa kubeba reli, lakini alilitua lile gunia akashika kiuno. "Bwana Donald," akasema, "shemeji amekumbuka nyumbani. Hii ni sukari tupu!" Habari ikatutangulia. Tulipofika, mama yangu, Tryphena, alikuwa amekwisha injika chai, na majirani wameketi na vikombe vyao. Tukafungua. Mawe. Mheshimiwa, mawe, kutoka Nairobi, kuletwa Taita! Kuna kitu gani ambacho Mungu alitugawia sisi bila ubahili kuliko mawe? Basi yakapewa meza yote, kila moja na karatasi yenye jina lake. Mama alipochukua moja kuzuilia mlango, Jedidah alimkimbilia: "Mama, polepole, huyo ni naisi!" Mama akamrudisha huyo naisi mezani kwa mikono miwili, akamwomba radhi.

2. Shimo. Nyuma ya jikoni alichimba shimo la kumfika mtu kifuani, eti aone udongo ulivyopangana. Shemasi Gibson wa kanisa letu alikuja kuniuliza kwa nini sionekani ibadani, akapitia njia ya mkato. Tulisikia "Yesu!" na haikuwa sauti ya maombi. Nilikimbia kutafuta kamba. Niliporudi, mke wangu alikuwa ameinama ukingoni.

"Shemasi, umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi kabla hujatoka, hapo miguuni udongo una rangi gani?"

Shemasi ni mtu asiyesema uongo. Akachungulia. "Mwekundu. Una changarawe."

"Na hapo kiunoni?"

"Hapa ni mweusi mweusi. Kuna mizizi."

Nilisimama na kamba yangu mpaka wakamaliza. Siku hizi Shemasi akihubiri kwamba mtu aliumbwa kwa mavumbi, anaeleza ni mavumbi ya tabaka gani.

3. Ya Ziwa Chala sitayasema marefu. Nilimpeleka huko tupumzike. Nilipokwisha kaa vizuri na kufungua mkate, akaniarifu kwamba tumeketi kwenye mdomo wa volkano. Mkate niliumalizia nimesimama.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Dada yangu Priscilla amepata mchumba, na wazee wa upande wa mume walikuja nyumbani kwetu Kasigau kuzungumza mahari. Walikuja kwa lori, barabara unaijua au umeisikia. Mazungumzo yalikwenda kama siagi. Msemaji wao, ili atufurahishe, akautazama mlima akasema, "Mlima wenu umeinuka vizuri." Hapo mtu husema ahsante. Mke wangu, aliyekuwa akigawa chai, akasema, "Samahani baba, haukuinuka. Umebaki. Nchi yote iliyouzunguka ndiyo iliyoliwa na mvua na upepo, na mlima ukabaki kwa ugumu wake."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Yule mzee akaweka kikombe chini. "Iliyoliwa? Twende ukanionyeshe."

Mheshimiwa, ujumbe mzima ulimfuata! Walirudi jua likizama, makoti yamevimba mifukoni, wanabishana kwa furaha kama watoto waliotoka kuogelea. Dereva wa lori akapiga honi, wakaondoka. Hakuna aliyekumbuka ng'ombe wala mchumba. Priscilla, na nywele zake zilizosukwa tangu asubuhi, alibaki jikoni akilia. Sasa wametuma habari kwamba watarudi siku mwalimu atakapokuwepo. Bibi harusi hawakumtaja.

5. Tuliporudi Voi nilimwambia, "Jedidah, chagua. Mawe au mimi."

Akauliza, "Mawe yapi?"

Kisha akaniona usoni, akajua sitanii. Kesho yake aliyahamishia mawe kwenye banda la mbuzi, akafukia shimo, akafuta meza. "Baba Wakio," akaniambia, "nitamaliza mazoezi ya kufundisha, halafu nitarudi darasa la tatu. Usiwe na wasiwasi." Tangu hapo chakula kina chumvi ya kutosha, na akisemeshwa anajibu. Mama ameniuliza faraghani kama kuna msiba ambao hakuambiwa.

Mimi sikutaka aache digrii. Nilitaka digrii nyingine. Kwa hiyo naomba apewe historia. Watu wa historia wamekwisha kufa na hawaletwi nyumbani kwa magunia. Tafadhali fanya haraka, maana Jumatatu anaanza mazoezi hayo katika sekondari moja ya hapa, na sitaki ugonjwa huu uenee kwa watoto wa watu.

Nisalimie walimu wote wa kitivo, makarani, wapishi, na zaidi ya wote wachukuzi wa mizigo, ambao nawaonea huruma.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na meza tupu,
Donald Mwandawiro

Tanbihi: Barua ilikosa treni, na leo ni Jumatano. Jana Jedidah alisahau chupa yake ya chai, nikampelekea shuleni. Nilimkuta uwanjani na vijana wa kidato cha tatu, wamezunguka rundo la mchanga, yeye anamimina maji kwa jagi kuonyesha mto unavyojichimbia njia. Sketi imejaa matope, sauti inafika barabarani. Alikuwa amesahau kununa. Akauliza nani ana swali. Mheshimiwa, mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Nilitaka kujua Mto Voi ukipotelea mchangani unakwenda wapi, maana nimeishi kando yake tangu nianze kazi hapa na sijawahi kujiuliza. "Swali zuri, Bwana Mwandawiro," akasema, na kengele ikalia. Nyumbani nimembembeleza anijibu mimi peke yangu, amekataa katakata. Anasema nisubiri kipindi cha Ijumaa kama wenzangu. Tafadhali ombi langu la hapo juu usilishughulikie. Nimekwisha omba ruhusa kazini.