Kilo za Sauti

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Fremu ya mbele, chumba cha duka, iko wazi! Kinyozi kahamia Temeke jana na viti vyake vyote. Bi Zamda, mwenye nyumba wetu, katutangazia wapangaji bombani asubuhi kwamba hana haraka ya kuipangisha. Jumamosi anamwoza binti yake wa mwisho, hapa hapa uani, na anachotaka sasa ni muziki wa kueleweka. Atakayempa muziki huo ndiye atakayezungumza naye kwanza habari za fremu.

Kitwana wa chumba cha pili akajitokeza palepale, mswaki mdomoni, kusema anayo redio yake ya kanda mbili. Kanda! Mwaka huu! Nikasema mimi nitaleta dijitali. Bi Zamda akauliza ndiyo nini. Nikamwambia atasikia. Akasema, "Haya mwanangu, mradi kisinivurugie shughuli yangu."

Hali ya vifaa. Mashine ndogo ya sidii: ninayo, ndugu yangu aliniletea kutoka Maskati. Inasikika kwa vidude vya masikioni tu, mtu mmoja kwa zamu. Spika mbili: ninazo, nilizipata kwenye mnada shirika letu lilipouzwa na sisi tukapunguzwa. Kinachokosekana ni amplifaya ya kukaa mezani, nzuri, na isiwe ghali. Nikipata fremu nitafungua duka la kuwarekodia watu kanda kutoka kwenye sidii. Jina tayari, langu likiwa mbele: Fikirini Dijitali.

Shamsa, mke wangu, alikuwa anashona koridoni, cherehani imeziba nusu ya mlango wa Kitwana kama kila siku. Akauliza kama katika hiyo fremu kuna nafasi ya cherehani. Nikamwambia tutaona. Akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne, 3 Septemba

Kariakoo kutwa nzima. Miguu imevimba, kichwa kimejaa.

Kila amplifaya imeandikwa wati. Moja wati mia tano. Jirani yake, kaboksi kama mkate wa boflo, wati elfu mbili! Pasi ya Shamsa ni wati elfu moja, na ikiwashwa taa ya koridoni inasinzia. Pasi mbili zimeingiaje kwenye boflo? Tena kwa waya mwembamba kama kamba ya kiatu? Nikamwuliza muuzaji. Akasema wati za Dubai ni ndogo ndogo. Nimeiandika, huenda ni kweli.

Kurudi nikasimama Msimbazi nikafikiri. Maandishi ya boksini hudanganya. Nini hakidanganyi? Mizani! Miaka kumi na moja nimekuwa mtunza stoo, nimepima misumari, rangi, hata sukari ya chai ya meneja. Ndani ya amplifaya kuna transfoma. Transfoma ni chuma na shaba. Chuma na shaba ni kilo. Basi yenye kilo nyingi ndiyo yenye nguvu nyingi. Nashangaa hakuna aliyeligundua hili kabla yangu.

Jioni nikaenda Feri kwa shemeji Abdulkadiri, kaka yake Shamsa, muuza samaki. Kaniazima mizani yake ya kuning'iniza mpaka Ijumaa asubuhi. Akauliza napima nini. Muziki, nikamwambia. Akanitazama sana. Aliiosha mizani kabla ya kunipa, lakini haikutosha.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya ajabu!

Nimeingia Mtaa wa Kongo, mizani begani. Duka la kwanza, kijana anaitwa Filbert. Kaiona mizani, kazima redio, kaniamkia shikamoo mara mbili, kaniletea soda baridi bila kuulizwa. Kisha akauliza kwa adabu kama siku hizi ofisi inapima na vitu vya umeme. Ndipo nikaelewa. Wananidhania mtu wa vipimo wa serikali! Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikunywa soda.

Nimepima kwake amplifaya saba, kila moja nimeifunga kwa kamba ya katani na kuining'iniza. Bora ni moja nyeusi yenye vifundo vya fedha: kilo sita na robo. Nimeandika kwenye daftari. Kutoka nje, maduka matatu ya mbele yamefungwa. Nikienda, milango inashuka. Saa sita upande ule wote ulikuwa kimya kama siku ya Idi.

Aliyeniharibia ni Severa, mama wa duka la kona. Kanitaka kitambulisho. Ikabidi niseme kweli: mimi mteja tu, nachagua amplifaya kwa uzito. Watu wakajaa. Nikawaeleza nadharia yangu yote, kuanzia transfoma. Filbert alikuwa mbele kabisa, anasikiliza kwa makini kuliko wote. Akauliza, kwa hiyo bosi, nzito zaidi ndiyo bora zaidi? Ndiyo. Na hufungui kuangalia ndani? Nikamwambia mtunza stoo hafungui mali ambayo hajaipokea. Nimefurahi kuona wafanyabiashara wa Kariakoo wana hamu ya elimu.

Paka wawili wamenifuata mpaka nyumbani. Kamba nimeisahau kwa Filbert.

Alhamisi, 5 Septemba

Shamsa alikuwa anapeleka blauzi alizomshonea Darshana, binti wa mzee Rajnikant mwenye duka la redio mjini. Akasisitiza tufuatane. Nikaona sawa, mizani bado ninayo.

Nikamwamkia mzee. Akaitikia marahaba, akaitazama mizani, akarudi kwenye gazeti lake. Darshana ndiye fundi. Hana maneno mengi. Kachukua amplifaya ndogo ya mezani, kaiunga na spika, hakuweka muziki wowote, kazungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho. Kaniambia nitege sikio. Nimetega. Hakuna kitu. Nikamwambia pole, hii imekufa. Akasema ndiyo uzima wenyewe. Akaunga nyingine, kubwa: chwaaaa, kama maandazi yanaingia kwenye mafuta. Akasema amplifaya mbaya huongea kabla haijasemeshwa. Shamsa naye kainama kusikiliza, moja kisha nyingine, mara tatu.

Kisha nikauliza swali linaloninyima raha tangu nipate mashine ya Maskati. Sidii haina mifereji kama santuri. Haina utepe kama kanda. Sauti iko wapi? Darshana akasema hakuna sauti. Kuna namba tu, namba elfu arobaini na nne na zaidi kwa kila sekunde, na ndani ya mashine kuna kigeuzi kinachozisoma na kuzigeuza kuwa sauti. Cha mashine yangu ni cha kawaida. Cha hii amplifaya ndogo ni kizuri, namba zinaingia zenyewe kwa waya.

Nywele zilinisimama! Miaka kumi na moja nimejaza leja namba, na hakuna aliyeniambia kwamba namba zinaweza kuimba!

Nikaomba nikione kigeuzi. Akafungua skrubu nne. Kidude cheusi, hakizidi harage. Nikaleta mizani karibu, nikaomba kingine cha aina hiyo alichonacho dukani, nikakitundika ndani ya kimfuko. Mshale haukujongea hata kidogo. Nimeona! Hakina uzito, hakina nguvu. Nikapima na amplifaya yenyewe: kilo moja na robo. Shemeji Abdulkadiri anatupa samaki wakubwa kuliko hiyo.

Mzee Rajnikant, bila kushusha gazeti, akasema niichukue mpaka Jumatatu nijaribu, nisipoipenda nirudishe. Nikamshukuru, nikasema ni kifaa kizuri kwa mtu mwenye ua mdogo. Nikatoka. Shamsa akabaki kumpima Darshana blauzi. Alikaa muda mrefu kwa blauzi tatu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeipata!!

Kabla ya kurudisha mizani nikapita kwa Filbert kupima mara ya mwisho. Ile nyeusi yenye vifundo vya fedha: kilo kumi na moja na robo! Juzi ilikuwa sita na robo. Nikatazama daftari mara tatu. Nikamwuliza Filbert. Akasema, "Bosi, hiyo ya juzi imeshauzwa. Hii ni ya kontena jipya, imeongezwa besi." Nikafikiri. Inaingia akilini. Kila mtu husema besi nzito, hajapata kutokea mtu akasema besi nyepesi.

Mtaa mzima umepata mzigo mpya. Iliyokuwa kilo tano sasa tisa. Iliyokuwa nne sasa nane na nusu. Kwa Severa tu hakuna kilichoongezeka. Akaniita pembeni, akasema nifungue skrubu niangalie kabla ya kulipa. Nikamwambia kontena likimpita mtu asiwaonee wivu wenzake.

Nimenunua. Kiinua mgongo kimeishia hapo, lakini kimeishia mahali pazuri. Njiani ikawa inagonga kitu ndani: gudu, gudu. Filbert alikuwa ameshanitahadharisha kwamba besi bado haijatulia, nisiilaze.

Shemeji kanilalamikia mizani. Siku tatu amepimia samaki kiganjani na wateja wamegoma.

Jumamosi, 7 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Alasiri ua umejaa, akina mama wamevaa sare, biharusi ndani anapakwa hina ya mwisho. Amplifaya juu ya meza, chini yake kitambaa cha Shamsa cha mauamaua. Bi Zamda kasimama, kawaambia wageni wasikilize, leo kuna dijitali. Nikawasha.

Ikavuma. Ilivuma kama mashine ya kusaga unga, na taarabu ikawa inasikika kwa mbali, nyuma ya mashine. Watoto wakaziba masikio. Nikaongeza sauti, nikidhani besi itatulia. Meza ikatetemeka. Ndani kikadondoka kitu, gudu, ukatoka moshi, kisha kimya. Si kimya cha Darshana. Kimya kingine.

Kitwana alikuwa na redio yake mlangoni tayari. Ubeti wa pili ikatafuna kanda. Akawa anauchomoa utepe kwa kalamu, dhiraa kwa dhiraa. Bi Zamda kaketi, mkono shavuni. Kutoka ndani biharusi akauliza kama hii ni harusi au matanga. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nimeandika ukweli.

Shamsa akaenda chumbani, akarudi na kitu ndani ya khanga. Ile ndogo ya Darshana! Aliiazima Alhamisi. Akaunga mashine yangu, akaunga spika zangu, na bila muziki akazungusha kifundo mpaka mwisho, akainama akatega sikio. Ua mzima ukanyamaza kusikiliza naye, hata wapishi. Hakuna kitu. Akatabasamu. Akarudisha kifundo, akabonyeza.

Yule mwimbaji kama alikuwa kaketi na sisi mkekani. Bi Zamda alikuwa wa kwanza kuinuka, na hakuketi tena mpaka magharibi. Mimi machozi yalinitoka kidogo. Moshi wa pilau.

Spika zilikuwa zangu. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili, 8 Septemba

Fremu amepewa Shamsa. Bi Zamda kamkabidhi ufunguo bombani, mbele ya watu. Mchana cherehani imehamishwa, na mlango wa Kitwana umefunguka wote kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Shamsa kasimama katikati ya fremu, kazunguka na mikono kainyoosha, hakugusa kitu chochote. Sijamwona hivyo siku nyingi. Nimefurahi, nakiri. Kanigawia pembe moja, ukubwa wa stuli, kwa ajili ya Fikirini Dijitali.

Nimefungua ile nyeusi. Ndani kulikuwa na nusu tofali, limepakwa rangi nyeusi na kufungwa kwa kamba ya katani. Kamba kama yangu kabisa. Sijui imefikaje mle.

Nimepiga hesabu kwa utulivu. Kumi na moja na robo, toa sita na robo, tofali ni kilo tano kamili. Maana yake mizani haikukosea hata gramu! Kilichokosea ni tofali. Nadharia imesimama. Tofali lenyewe nimempelekea Shamsa, linazuia mlango wa fremu usijifunge. Kasema linafaa.

Kesho kanituma mota ya cherehani. Kaniagiza niiwashe bila kitambaa, nitege sikio, na kwanza nimpitie Severa. Sawa, sikio nitatega. Lakini mota ni nini? Chuma na shaba.

Nimetoka Feri sasa hivi. Shemeji kaninyima ile mizani, lakini kwa mwenzake nimepata kubwa zaidi, ya kupimia papa. Nyumbani nimekuta salamu kutoka kwa Filbert, niliyempelekea habari mchana: zimeingia mota za kontena jipya, nzito, mtu mmoja habebi. Kesho nitatoka mapema, kabla Kitwana hajasikia.