Vita vya Shamba la Bondeni

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Mama mkwe ametangaza kuwa Jumamosi atakagua bustani zetu, na atakayemridhisha atapewa shamba la bondeni. Udongo mweusi, maji karibu! Nikilikosa nitakwangua mawe ya hapa kilimani hadi nizikwe. Na mshindani wangu ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, anayejiita Mtaalamu kwa sababu aliwahi kuhudhuria semina ya kilimo, tena akasinzia. Kabichi zake zimeshafunga. Zangu bado ni vijani vya kuonea huruma.

Jumanne, 4 Machi
Dawa nimeipata. Kinyesi cha kuku! Nimezoa chote bandani, kibichi hivyo hivyo, nikakirundika kwenye mashina. Mke wangu akasema kikae kwanza kioze, kikiwa kibichi kinaunguza. Nikamwambia mama yake hasubiri kinyesi kioze. Jogoo amenidonoa kisigino. Hata yeye yuko upande wa shemeji.

Alhamisi, 6 Machi
Hujuma! Kabichi zote zimekuwa njano, zimenyauka. Nimekwenda kwa shemeji nimefura, nikamwita mchawi wa mboga mbele ya watoto wake na mbuzi wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikuja kwangu, akachuma jani, akalinusa, akauliza nimeweka mbolea gani. Nikamjibu hayamhusu. Akanipa pole! Mtu akikutukana unamjibu. Akikupa pole unamfanya nini?

Ijumaa, 7 Machi
Mimi si wa kushindwa kirahisi. Nimekwenda sokoni nikanunua kabichi kubwa kubwa, nyingi hata muuza mboga akauliza kama tuna harusi. Nimezing'oa zile mfu, nikachomeka hizi ardhini moja moja, nikazimwagilia. Zimependeza jamani, machozi yamenilengalenga! Mke wangu alitazama weee, kisha akauliza kama nina homa. Akasema yeye hayumo. Akarudi kwenye mchicha wake nyuma ya jiko. Hajui kupigania kitu huyu.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Aibu na hasira!
Mama mkwe alifika na fimbo yake, shemeji nyuma yake. Akaziona kabichi, akasimama. "Mwanangu, juzi si nilisikia zimekufa?" Nikamweleza kuwa siri ni kuzisemesha kwa upole. Alikuwa ameanza kutabasamu, naapa! Ndipo mbuzi wa shemeji akapenya uani, akauma kabichi ya kwanza na kuondoka nayo nzima. Hakuvuta, hakuhangaika. Chini hata kimzizi hakuna. Mama mkwe akaisukuma ya pili kwa fimbo, ikabingirika hadi miguuni pa shemeji. Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini.
Nikasema moyoni, basi, shamba ni lake. Wapi! Mama mkwe alizunguka nyuma ya jiko, akakaa huko kitambo, akarudi na fungu la mchicha mkononi. Shamba amepewa mke wangu! Kwa mchicha! Na sharti juu: mimi kule nisiguse kitu chochote isipokuwa uzio. Mke wangu aliitikia upesi mno. "Sawa, mama." Hata kunitazama hakunitazama.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshinda nikipigilia misumari kwenye uzio wa shamba lililopaswa kuwa langu, na nyundo imeniponda kidole. Mke wangu anapanda huku anaimba. Anaimba! Mama mkwe amesema atarudi mwisho wa mwezi kuona kama nimejirekebisha.
Nami nimejirekebisha. Nimekaa, nimetafakari, na kosa langu nimeliona waziwazi. Kabichi ina shina, kwa hiyo mtu lazima atatafuta mzizi. Boga je? Boga hulala chini lenyewe na hakuna anayeuliza kitu. Muuza mboga ameniahidi maboga ya ukubwa ambao hakuna mbuzi atakayeyabeba.